Bibi Aliyeshukuru Umeme Ukizimika

Ta!

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama mtu amevunja kijiti kikavu nyuma ya mlango. Lakini baada yake nyumba nzima ilinyamaza. Redio ya mama yangu ilikatika katikati ya neno. Cherehani ya Bibi iliguna, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mashine ya kinyozi wa chumba cha mbele iliacha kunguruma juu ya kichwa cha mtu. Halafu milango ilifunguka na sauti zikatoka zote pamoja: "Bibiii!"

Naye kutoka ndani, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari njema: "Alhamdulillah. Umezimika."

Sijakutana na mtu mwingine anayemshukuru Mungu kwa umeme kuzimika. Kigali hii sisi wote tunashangilia ukirudi, watoto wanapiga makofi, hata wazee wanasema "eeh!" kama timu yao imefunga bao. Bibi mwenye nyumba yetu alishangilia ukienda. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote, mama yangu pamoja na watoto wa jirani, na yeye hakutaka jina jingine.

Tulipanga kwake Kinyinya, upande ule ambako kila ukiamka unakuta ukuta mpya umeota. Vyumba vyake vilizunguka ua mmoja wa saruji, na vyote vilikula umeme kutoka sanduku moja lililobanwa ukutani barazani, karibu na mlango wake. Ukilifungua unaona swichi ndogondogo zimejipanga kama meno, na moja kubwa kuliko zote, yenye kitufe kidogo chenye herufi T. Mafundi wa hapa wanaiita disijonkta. Bibi alisema jina hilo linamvunja ulimi, akaiita bwana.

"Huyu bwana," alituambia, "umeme ukipotea njia, ukaingia kwenye maji au kwenye mwili wa mtu, yeye anaanguka kabla hujasema mama. Mwanamume gani mwingine mnamjua wa hivyo?"

Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kushona nguo. Nadhani kwa kuwapima wateja viuno na kusikiliza habari za nyumbani kwao ndiko alikopata maneno yake yote kuhusu wanaume.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulienda umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, kama watu wote. Tulifyeka, tukazibua mitaro, tukasikiliza mkutano wa mtaa. Majirani wakirudi walioga wakapika. Sisi tulikuwa bado na mtihani. Bibi alinawa tope miguuni, akavaa kandambili za mpira, akafuta mikono kwenye kanga mpaka ikakauka kabisa, akaigeuza mbele ya macho kama anayetafuta doa. Kisha akasimama barazani akaita: "Zimeni vitu vyenu! Bwana anafanya mtihani!"

Tulizima. Akabonyeza T. Ta! Ile swichi ikaanguka, naye akatuangalia mmoja mmoja akitabasamu, kama amefaulu yeye.

"Bibi," kinyozi alimwambia siku moja, "huyu bwana atachoka kubonyezwabonyezwa. Mwache apumzike."

"Mwanamume asiyefanya mtihani kila mwezi simtaki nyumbani kwangu. Hata wewe kaa tayari."

Tulicheka mpaka mama akaweka chini sufuria. Lakini akimaliza kucheka, Bibi alirudia jambo moja kila mara, kwa sauti nyingine, ya chini. "Siku nikibonyeza asianguke, msimwonee huruma. Tuite fundi siku hiyohiyo. Sura yake itakuwa ileile, lakini ndani atakuwa amekufa, na sisi tutakuwa tunamtegemea."

Wapangaji wapya walifanya kosa lilelile wote. Umeme ukikatika walidhani uniti zimeisha. Mita zetu ni zile za kuingiza namba, kashipawa, na mtu wa Kigali akiona giza mkono wake unakwenda wenyewe kwenye simu. Kinyozi, alipokuwa bado mgeni, alinunua uniti, akaingiza zile namba ndefu, mita ikapokea vizuri, na giza likabaki palepale. Akanunua tena. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda na pini mdomoni, anamtazama tu.

"Mita iko inawaka?" akamuuliza mwishowe.

"Iko inawaka, Bibi. Uniti iko mingi. Ila umuriro wenyewe, umeme, hakuna."

"Sasa aliyeshiba unamlisha nini tena? Bwana ameanguka. Tutafute nani amemwangusha."

Hakukubali kamwe mtu apandishe ile swichi halafu aendelee na mambo yake. Kwanza kila chumba kilichomoa kila kitu. Halafu yeye mwenyewe aliipandisha, akaanza kuita majina kama mwalimu darasani. "Pasi ya Mama!" Mama anachomeka pasi. Kimya. "Birika!" Kimya. "Redio! Mashine ya kinyozi! Friji ya Mama wa juisi!" Kitu kitakachoangusha swichi ndicho chenye makosa, kinatolewa uani, kinakaa juani peke yake mpaka fundi akione. Watoto walikuwa wanakizunguka kwa mbali, wanakionyesha vidole. Birika la mama yangu lilikaa uani hivyo mara moja, na mama aliona aibu kama amefumaniwa.

Mimi kazi ya yule bwana naijua kwenye kidole changu. Nilikuwa msichana mdogo, napiga deki chumbani kwa Bibi, peku, sakafu imejaa maji. Waya wa nyongeza ulikuwa njiani. Nikausogeza kwa mkono uliolowa, kumbe ngozi yake ilikuwa imepasuka. Nilisikia kitu kama jino dogo linaniuma, na papo hapo, Ta! Ndoo ikaanguka, na mimi nikakaa chini kwenye maji.

Bibi alikuja mbio. Aliushika mkono wangu, akaufungua, akautazama kiganja na mgongo, akaubusu. Akanipa chai yenye sukari nyingi mpaka kijiko kilikuwa kizito. Nilipoimaliza akanivuta sikio kwa nguvu.

"Miguu mitupu! Maji! Na umuriro! Wewe sha, unataka kunizika nikiwa hai?"

Halafu alifanya jambo lililonishangaza kuliko ule umeme. Aliuchomoa ule waya, akachukua mkasi wake wa kushonea, ule ambao hata kukatia karatasi ilikuwa marufuku, ambao ulilala kwenye kitambaa chake wenyewe, akaukata waya vipande vipande. Mkasi ukaingia pengo. Hakuuangalia hata.

Nikimsimulia hivi mtu anafikiri alikuwa mama mmoja makini, kila kitu kwa utaratibu. Hapana. Lile sanduku la swichi alilifunika kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono, chenye maua pembeni, kama watu wanavyofunika televisheni. Fundi alimwambia, "Bibi, hiki kitakuchelewesha siku ya hatari." Akakubali vizuri sana, akakitoa. Fundi hajafika barabarani, kitambaa kimerudi. "Bwana hawezi kukaa mtupu mbele za wageni," akasema.

Aliogopa radi na paka mweusi. Alichukua mtoto yeyote aliyelia akamtia mgongoni, lakini kukopesha sindano moja alitaka umwapie. Na taa! Ukiacha taa inawaka mchana alisimama mlangoni kwako akapiga makofi: "Jua la Mungu halikutoshi?" Lakini ile taa yake ya getini, yenye kioo cha duara, iliwaka usiku na mchana, Jumatatu na Jumapili, jua na mvua. Mama yangu alimuuliza siku moja kwa nini.

"Mtu asije akafika kwangu akadhani hakuna watu," akajibu.

Huo ndio uliokuwa moyo wake. Watoto wake walikuwa na maisha yao mbali, walimpigia simu, walimtumia zawadi. Yeye alichotaka ni nyumba iliyojaa. Alijua kikohozi cha kila mmoja wetu. Jioni hakula mpaka asikie chumba cha mwisho kimefunguliwa. Nilimwambia ndoto yangu, kwamba nitafungua duka la keki lenye oveni tatu, moja ya keki za harusi tu. Hakucheka. Aliuliza kama hizo oveni zitakuwa na bwana wao wa kuanguka, na kama pale dukani patakuwa na kiti chake yeye. Giza hakuliogopa. Aliogopa ua usio na mtu.

Basi ndiyo maana masika ya mwaka mmoja yalimwumiza sana.

Swichi ilianza kuanguka bila sababu. Mvua ikinyesha, Ta! Tunachomoa vyote, anaipandisha, anaita majina, vyote vinafaulu. Tunashukuru, tunarudi ndani, mvua inarudi, Ta! Aliita fundi. Fundi akaja jua likiwaka, akapima, akasema nyumba haina kosa lolote, akaondoka na chai yetu tumboni. Jioni mawingu yakaja, na sisi gizani tena.

Kinyozi ndiye aliyeumia zaidi. Mzee mmoja alikuja kunyolewa aende harusini kwa mpwa wake, umeme ukakatika kichwa kikiwa nusu. Wakangoja. Ukarudi, ukakatika. Mwishowe mzee wa watu aliondoka amevaa kofia ya kinyozi, upande mmoja unang'aa, upande mwingine msitu. Mtaa mzima ulimwona. Kuanzia siku hiyo watoto wa njiani wakimwona kinyozi waliuliza, "Ee bwana, leo unanyoa upande gani?"

Alijaribu kuifunga ile swichi kwa mpira ili isishuke. Mpira ulikaa imara, swichi ikabaki juu, na umeme ukakatika vilevile ndani kwa ndani. Bibi alipoona ule mpira hakugomba. Aliufungua kimya, akauweka kwenye kiganja cha kinyozi, akakifunga kile kiganja. Hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Kisha kinyozi akaleta fundi wake mwenyewe, kijana mwenye haraka. Nilikuwa uani naanua nguo. Bibi alikuwa amesimama mbele ya sanduku, mgongo umegusa kile kitambaa chenye maua.

"Bibi, ni dakika tu," yule kijana alisema. "Naipita hii swichi, naunganisha moja kwa moja. Hamtaona giza tena."

"Na umeme ukipotea njia, nani ataanguka?"

"Hautapotea, Bibi."

"Unaniahidi wewe? Utakuwa unalala hapa?"

Yule kijana akamtazama kinyozi. Kinyozi alikuwa amechoka, macho yamemwiva.

"Bibi, mimi ni mtoto wako," akasema. "Nakuheshimu. Ila wateja wangu wameisha. Kama hii kitu haitoki leo, mimi nahama. Na Mama wa juisi anahama, barafu yake yote imekuwa maji. Utabaki na nani?"

Nilishika ile nguo ya mwisho kwenye kamba sikuianua. Nilijua amemgusa palepale panapouma, na yeye alijua. Mimi moyoni, sina aibu kusema, niliomba akubali. Niliona ule ua mtupu mbele yangu.

Bibi alinyoosha mkono akamtoa kinyozi nywele za mteja zilizomganda begani.

"Hama, mwanangu," akasema. "Nitakuombea wateja."

Asubuhi kinyozi alipobeba kioo na kiti chake, Bibi alimpa chapati kwenye kitambaa, moto, za njiani, ingawa alikuwa anahamia Sonatubes tu, mjini humuhumu. Kinyozi alizipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama wa juisi akafuata, na baadaye chumba cha pembeni. Kiangazi kikaja, swichi ikatulia, na majirani wakasema si mnaona, ilikuwa mashine za yule kinyozi. Bibi peke yake alimtetea. "Mashine zake ziliitwa, zikafaulu. Msimsingizie."

Lakini sifa ilikuwa imeshatembea. Mtu akiulizia chumba Kinyinya aliambiwa, usiende kwa yule fundi cherehani, kule ni giza. Sisi wenyewe tulihama kabla mvua hazijarudi, mama alipopata kazi dukani upande wa Kicukiro na njia ikawa ndefu. Tulipoaga, Bibi alitania mpaka tukatoka getini. Nilipogeuka bado alikuwa anapunga mkono, na nyuma yake ua ulikuwa mtupu, hakuna hata nguo moja kwenye kamba.

Juzijuzi nilipata siku ya mapumziko. Nafanya kazi jikoni Nyarutarama, kwa watu wema, na Jumapili nyingine wananiruhusu kutumia oveni. Nikaoka keki ya ndizi, nikaibeba mapajani, nikaenda kumwona.

Amepungua. Kanga inamzunguka mara nyingi zaidi. Alinishika uso kwa mikono yote miwili akauliza oveni tatu ziko wapi, nikamwambia bado moja ya kuazima, akasema moja inazaa. Tulikaa barazani. Vyumba vitatu vilikuwa na kufuli. Chumba kimoja kilikuwa na mlinzi wa usiku, ambaye mchana analala, kwa hiyo hata yeye hasikiki.

"Nilimjua aliyekuwa anamwangusha bwana," akaniambia huku akikata keki.

"Nani, Bibi?"

"Mimi."

Ilikuwa hivi. Mvua zilizofuata zilipoanza, sisi tukiwa tumeshahama, swichi ilianguka tena, na chumba cha kinyozi kikiwa kitupu. Safari hii fundi alikuja mvua ikinyesha, kwa sababu Bibi alikataa katakata aje siku nyingine. Akazunguka nyumba, akapanda ngazi pale getini, akafungua kioo cha ile taa ya duara. Maji yakamwagika kama anamimina chai, na sisimizi ndani yake. Kioo kilikuwa na ufa. Kila mvua iliingia, maji yakafika kwenye waya, na bwana akafanya kazi yake. Tulikuwa tumeita majina ya vitu vyote vinavyochomekwa. Taa ya getini haichomekwi popote. Haikuwahi kuitwa.

"Taa yangu ya kuita watu," Bibi akasema, "ndiyo ikawafukuza."

Nikasema maneno ya kitoto, kwamba hakuna aliyejua, kwamba hata fundi wa kwanza hakuona. Akaninyamazisha kwa kunipa kipande cha keki.

"Nilimpigia kinyozi nikamwambia. Alicheka, sha, alicheka mpaka akakohoa. Amefunga ndoa. Ana mtoto. Mama wa juisi naye iko mzima, ananisalimia kila Idi." Akaangalia zile kufuli, moja baada ya nyingine. "Wote wametoka humu kwa miguu yao. Hakuna niliyemtoa amebebwa."

Alilisema hilo bila machozi, kama mtu anayekagua mshono akaona umenyooka. Mimi ndiye niliyelia, keki mdomoni, aibu tupu. Akanifuta kwa pembe ya kanga.

Nilipomaliza kulia nikamuuliza kwa nini hatangazi vyumba. Alikasirika kidogo. Yeye si muuza nyanya wa kupiga kelele njiani. Mtu akija, Mungu amemleta. Nikamwambia Mungu labda hajui kama vimebaki vitupu, kwa jinsi mtaa unavyosema. Akanipiga kofi la begani, akacheka, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtoto wa jirani.

Sikumwambia mtu yeyote. Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, nilichukua boksi la unga wa ngano nikalikata upande mmoja. Nikashuka Kinyinya, mpaka kwenye kituo cha pikipiki ambako watu wanaotafuta vyumba huulizia. Mwenye duka aliniruhusu kutumia ukuta wake wa mbao. Nikapiga magoti kando ya barabara nikaandika kwa kalamu nene, juu kwa Kinyarwanda kama matangazo yote, INZU IKODESHWA, yaani nyumba inapangishwa, na chini kwa Kiswahili, kwa ajili ya sisi tuliorudi kutoka Tanzania na wale waliotoka Kongo. Kwa fundi cherehani, nikaandika, geti la kijani. Vyumba vitatu. Maji yapo.

Kalamu ikasimama. Nilifikiria lile neno, giza, ambalo mtu yeyote angemnong'oneza mpangaji akishasoma hapa. Kisha nikaongeza mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa kuliko zote, nikaliinua boksi ukutani, nikaokota jiwe, nikashindilia msumari mpaka ukazama.

UMEME UPO, NA UNAJUA KUZIMIKA.